Pete ya Sikio la Kulia

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumatano, uji wa wali aliokuwa akilishwa Rahelamma ulitoka pembeni mwa kinywa chake na haukumezwa tena. Suja, mke wa mwanawe, alingoja kijiko kikiwa hewani. Akamfuta kidevu kwa ncha ya sari, akajaribu kijiko cha pili, nacho kikamwagika. Ndipo alipoweka bakuli chini, akasogeza kiganja mbele ya pua ya mama mkwe wake, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mvua ya Juni ilikuwa ikipiga bati la jiko. Biju, mume wake, alikuwa bado shambani akigema mpira. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

Kabla ya kumwita yeyote, Suja alifanya jambo moja. Alishika pete ya shaba iliyoning'inia juu ya sikio la kulia la marehemu, akajaribu kuifungua. Haikufunguka. Akajaribu ya kushoto, nayo vilevile. Ncha za pete zote mbili zilikuwa zimebanwa kwa koleo, shaba juu ya shaba, na aliyezibana alikuwa na mikono yenye nguvu. Suja aliziacha. Akatoka barazani, akampigia simu mumewe, kisha akampigia mchungaji.

Katika kanisa lao, mwanamke hakuvaa pambo. Siku ya kuzamishwa mtoni alivua kila kitu: bangili, kidani, vipini, hata kile kipande kidogo cha dhahabu alichofungwa shingoni siku ya ndoa. Akatoka majini na sari nyeupe na mwili wake, basi. Suja mwenyewe alivua vyake akiwa na miaka kumi na tisa, na matundu ya masikio yake yalikuwa yameziba zamani. Hakuwahi kujuta. Alipoingia dukani au kliniki, watu walimtazama shingo tupu na paji tupu wakajua ni wa dhehebu gani, naye alitaka wajue. Aliamini kwamba moyo ndio wa kupambwa, na kwamba maskini na tajiri wanapokaa kwenye mkeka mmoja wamevaa nyeupe, hakuna anayehesabiwa thamani kwa uzito wa sikio lake.

Rahelamma aliamini hivyo kumzidi, mpaka maradhi ya kusahau yalipomjia na kumrudisha nyuma, mwaka baada ya mwaka, akafika mahali ambapo alikuwa bibi harusi wa kanisa lake la zamani, na ubatizo wa mtoni ulikuwa haujatokea.

"Pete zangu ziko wapi?" alikuwa akiuliza toka alfajiri. "Watu wa kwetu watakuja wanikute masikio matupu. Watasema nimeozwa kwa ombaomba."

"Ulizitoa mwenyewe, mama. Siku ya ubatizo."

"Mimi? Kwani nilikuwa nimelewa?"

Aliyatafuta matundu kwa kucha. Tundu la juu ya sikio, lile la pete nzito za mabibi wa zamani, halizibi hata baada ya miaka hamsini, na kucha zake ziliyachimba mpaka damu ikachuruzika shingoni. Suja alimkata kucha. Alimfunga kitambaa. Alimtilia njiti ya ufagio kwenye tundu, kama wanavyowatilia watoto wa kike wasio na dhahabu, na kikongwe akaichomoa akaitazama. "Hii njiti," alisema. "Mimi ni kuku?"

Ibada moja, wakati wa ushuhuda, aliinuka mbele ya kanisa zima akasema kwa sauti iliyonyooka kwamba msichana aliyeletwa na mwanawe amemwibia pete. Watu walitabasamu, wakatazama chini. Jumamosi iliyofuata Aleyamma, mke wa mzee wa kanisa, alikuja na wanawake wawili kusali. Baada ya sala akamwomba Suja, kwa upole mwingi, afungue kabati, ili moyo wa mama utulie. Suja alifungua. Walitazama sari zake moja moja, wakashukuru, wakanywa kahawa, wakaenda. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mtu wa kanisa kuingia chumba cha Rahelamma akiwa hai.

Kwa hiyo, sherehe ya hekalu la Wahindu ilipofika na wachuuzi wakapanga meza zao kando ya barabara, Suja alinunua pete mbili za shaba zilizopakwa rangi ya dhahabu, rupia arobaini zote mbili. Rahelamma alizivaa, akajitazama kwenye kioo cha kunyolea cha Biju, akaacha kujikuna. Usiku ule alilala. Tatizo likawa jingine: alikuwa akizivua na kuzitia kinywani kama peremende. Mara moja nusura ameze moja. Ndipo Biju alipoleta koleo lake kutoka kibanda cha kukaushia mpira, akambembeleza mamake kama ndama, akazibana ncha.

"Sasa hata mwizi haziwezi," alimwambia, na kikongwe akacheka mpaka akakohoa.

*

Wanawake wa kanisa walifika saa tatu kuosha maiti. Walikuja wanne, na Aleyamma ndiye aliyewaongoza, kwa kuwa ndiye aliyewaongoza daima. Suja alikuwa amechemsha maji na kutoa mavazi aliyojiwekea Rahelamma mwenyewe kwa siku hiyo: blauzi nyeupe, na shuka nyeupe ya kukunjwa mikunjo ya upepeo kwa nyuma, zikinukia kafuri.

Aleyamma alifunua kichwa cha marehemu, akasimama. Wenzake wakasogea, wakatazama. Kisha akaurudisha mtandio mahali pake, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba kisicho chake, akamgeukia Suja.

"Nini hiki?"

"Shaba," Suja alisema. "Alikuwa anajichimba masikio."

"Nakuuliza nini hiki, sikuulizi ni madini gani."

Suja alieleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama anavyomweleza daktari: ilianza lini, alijaribu nini, kipi hakikusaidia, kipi kilisaidia. Aleyamma alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba watu watakuja kumtazama, na kwamba vitu hivyo lazima vitoke sasa hivi, akaishika pete ya sikio la kushoto na kuipindua. Haikufunguka. Akaivuta. Ngozi ya sikio la mtu wa miaka themanini kasoro mmoja ilipasuka kama karatasi iliyoloa, na pete ikabaki mkononi mwa Aleyamma. Damu haikutoka. Maiti haitoi damu.

Alipopeleka mkono upande wa kulia, Suja alimshika kifundo.

"Usimguse tena, mama."

"Suja, niachie mkono."

"Nitauachia ukiurudisha kwako."

Wale wengine watatu wakashughulika na maji. Aleyamma aliiweka pete ya kushoto kwenye ukingo wa dirisha, akajifuta vidole, akatoka barazani na simu yake. Suja alimwosha Rahelamma pamoja na hao watatu, akamvika blauzi na shuka, akazipanga zile kunjo za nyuma ingawa hakuna ambaye angeziona tena.

*

Adhuhuri walifika wawili. Mchungaji Ninan alikuwa kijana aliyetoka chuo cha Biblia miaka miwili nyuma, mpole, mwenye tabia ya kufuta miwani kila neno gumu linapokaribia. Mzee Oommen, mume wa Aleyamma, alikuwa mwalimu mstaafu, ndiye aliyeshika ufunguo wa makaburi ya kanisa. Ndiye pia mwenye shamba la mpira ambalo Biju aligema. Walikaa kwenye viti vya plastiki barazani. Suja alileta kahawa nyeusi. Mzee Oommen hakugusa yake.

Alisema bila kelele, kwa lugha safi ya darasani. Makaburi yale ni ya waliolala katika ushuhuda. Ushuhuda wa mwanamke huanza pale anapoonekana. Mtu akikutwa na pambo ametoka katika ushirika, hata kama alikuwa ndani miaka hamsini, kwa kuwa mbio hupimwa mwishoni. Sheria hiyo hakuitunga yeye. Leo ikiachwa pete ya shaba, kesho itakuja ya fedha, na baada ya mwaka mabinti wote watakaa kanisani kama dirisha la sonara.

Mwaka uliopita Mzee Oommen alimwoza binti yake, na binti alisimama mbele ya watu bila hata uzi shingoni. Kanisa lilimsifu Mungu. Bwana harusi aliondoka na gari jipya alilopewa na mkwewe, na hati ya ekari mbili. Gari halivaliwi sikioni.

"Hakuwa anajua yuko wapi," Suja alisema. "Hakuwa anajua mimi ni nani."

"Ndiyo maana hatumhukumu yeye," Mzee Oommen alisema. "Nani alimvika?"

Biju alikuwa amesimama kwenye nguzo ya baraza, bado na nguo za shamba, utomvu wa mpira umemgandia kwenye vidole. Aliitazama mvua. Suja alimtazama. Mchungaji akanywa funda mbili za kahawa.

"Mimi," Suja alisema.

"Ulizinunua wapi?"

"Kwenye sherehe ya hekalu."

Mzee Oommen alifumba macho. Mchungaji alifuta miwani, akasema kwamba jambo linaweza kumalizika kwa amani. Pete ikatwe. Kesho, kwenye ibada ya mazishi, kabla ya jeneza kuinuliwa, Dada Suja atasimama na kukiri kwamba kosa ni lake, si la mama, kwamba amejuta, naye hatashiriki Meza ya Bwana miezi sita. Mama atalala kando ya mumewe kama alivyotaka. Ni ushuhuda mfupi tu, dada, watu wameshaona, haifai kuwaacha na maswali.

"Na nisiposema hivyo?"

"Kuna makaburi ya halmashauri mjini," Mzee Oommen alisema. "Na tanuri la umeme la kuchomea maiti."

Akasimama, akasema pole kwa msiba, akafungua mwavuli.

*

Jioni Biju, koleo mkononi, alimkuta Suja jikoni.

"Dakika moja," alisema. "Hatasikia."

Suja alikuwa akimenya muhogo wa waombolezaji. Hakuinua kichwa.

"Ukate ulichokifunga?"

"Sasa tufanye nini? Unamjua Oommen. Miti ile si yangu. Akisema kesho nisirudi, tutakula nini, ushuhuda?"

"Kata. Lakini kwanza nenda barazani, Aleyamma na wenzake bado wako pale. Waambie nani alizibana."

Biju aligeuza koleo mkononi, akalifungua, akalifunga.

"Ni maneno tu, Suja. Unasimama, unasema, unakaa. Kesho kutwa wamesahau."

"Mama alisimama akasema mimi mwizi. Hayo wameshayasahau?"

"Alikuwa mgonjwa."

"Yeye alikuwa mgonjwa. Waliofungua kabati langu walikuwa wazima."

Alisema hayo bila kupandisha sauti, kisha akaendelea na muhogo. Miaka mitatu alikuwa amembeba mwanamke yule chooni na kumrudisha, amebadilisha mashuka, ametukanwa, ametemewa uji. Hakuhesabu hayo kuwa deni. Alichokitaka ni kitu kidogo sana: asilazimishwe kuita dhambi kitu pekee kilichomfanya Rahelamma alale.

Biju aliweka koleo juu ya mfuniko wa mtungi wa maji, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakwenda barazani. Alikwenda akasimama chini ya mfenesi, palipo na jiwe dogo lisilo na maandishi, na Suja alimwona kupitia dirisha, amelowa.

Chini ya jiwe lile alilala dada yake Biju, ambaye Biju hakupata kumwona. Kila mtu wa kanisa alijua habari yake, kwa kuwa Rahelamma aliisimulia katika ushuhuda kila mwaka akili yake ilipokuwa nzima. Alikuwa na miaka miwili alipokufa kwa homa, masika yaliyofuata baada ya wazazi wake kuzamishwa mtoni. Kanisa la zamani lilikataa kumzika. Waliobatizwa upya, padri alisema, wamejitoa. Kama wanataka, lipo lile shimo nyuma ya ukuta, la walevi na waliojinyonga. Maiti ya mtoto ilikaa siku mbili mezani, mvua ikinyesha kama sasa. Wakamzika nyuma ya jiko.

Jumapili iliyofuata wanawake wa kanisa jipya walileta mapambo yao, yale waliyoyavua mtoni na ambayo wengi walikuwa bado wameyaficha kwenye mitungi ya mchele, kwa kuwa imani ni imani na njaa ni njaa. Rahelamma alileta pete zake mbili nzito za masikio ya juu. Rafiki yake Thankamma, aliyezamishwa siku moja naye, alileta bangili nne. Vyote vilifungwa kwenye kitambaa, kijana wa miaka ishirini akavipeleka kwa sonara katika mji wa Thiruvalla na kurudi na fedha, na fedha zile zikanunua kipande cha mteremko ili mtoto wa mtu asikataliwe kaburi tena.

Kijana yule aliitwa Oommen.

*

Alhamisi saa nne, turubai la buluu lilifungwa kutoka paa la nyumba hadi kwenye mnazi. Jeneza liliwekwa juu ya benchi. Rahelamma alikuwa mweupe toka kichwani hadi miguuni, na Aleyamma alikuwa amehakikisha mtandio umefunika masikio yote mawili. Waliimba. Mchungaji alisoma, akasema juu ya tumaini, akasema vizuri. Kisha akafuta miwani akamwita Dada Suja.

Suja alisimama kando ya jeneza, amejifunika kichwa kwa sari yake nyeupe. Alikuwa na sauti ndogo, na watu wa nyuma iliwabidi wanyamaze ili wasikie.

"Nilimvika mama pete mbili za shaba," alisema. "Nilizinunua rupia arobaini. Alikuwa anajichimba masikio mpaka damu. Alipozivaa aliacha. Alizivaa miezi minne. Moja ilitolewa jana na ikampasua sikio. Ya pili anayo. Hayo ndiyo yaliyotokea."

Akarudi kwenda kukaa.

"Dada," mchungaji alisema. "Na toba?"

"Ya nini, mchungaji?"

Mtu alikohoa. Mchungaji alimtazama Mzee Oommen.

"Unajua ya nini," Mzee Oommen alisema.

"Nikisema najuta nitakuwa nimesema uongo mbele ya maiti," Suja alisema. "Sijui katika sheria yenu lipi ni kubwa, hilo au shaba."

Mzee Oommen alifunga Biblia yake. Alisema, kwa sauti ileile ya darasani, kwamba lango la makaburi halitafunguliwa leo, na kwamba familia imetaarifiwa mahali pengine pa kwenda. Akatoka chini ya turubai. Mchungaji alibaki amesimama na kitabu wazi, kama mtu aliyesahaulika kituoni.

Wabebaji sita walimtazama Biju. Biju aliutazama mgongo wa Mzee Oommen ukishuka njiani. Waliokaa wakaendelea kukaa, kwa kuwa hakuna aliyewaambia wasimame.

Aliyesimama wa kwanza alikuwa Bibi Thankamma. Ilimchukua muda. Alikuwa na miaka themanini na tatu, na magoti yake yalikuwa na hiari yao. Alishika fimbo, akajifunika kichwa sawasawa, akapita katikati ya wanaume bila kuomba njia.

"Mnangoja awabebe yeye?" aliwauliza wabebaji, akaanza kutembea mvuani.

Biju alishika mpini wa mbele.

*

Lango la makaburi lilikuwa la chuma, na Mzee Oommen alikuwa amesimama mbele yake chini ya mwavuli. Nyuma yake, juu ya mteremko, lilionekana kaburi lililochimbwa tangu jana asubuhi, kabla Aleyamma hajapiga simu. Maji yalikuwa yameanza kukusanyika ndani.

Waliweka jeneza juu ya ukuta mfupi wa barabarani. Suja alishikilia mwavuli upande wa kichwa. Bibi Thankamma alimkaribia Mzee Oommen mpaka fimbo yake ikagusa kiatu chake.

"Oommen, furushi lile lilikuwa zito?"

"Furushi gani, mama?"

"Ulilobeba ukalipeleka Thiruvalla. Nakuuliza kwa sababu mimi sikulibeba."

"Lilikuwa zito kiasi."

"Pete za Rahel zilikuwa ndani?"

"Zilikuwa ndani."

"Na bangili zangu. Na mama yako alitoa kidani, maskini, alilia wiki nzima, alinificha mimi lakini nilimwona." Alihema. "Basi, Rahel hatakiwi hapa. Sawa. Mrudishieni pete zake, tukamzikie kwingine. Na mimi mnirudishie bangili, maana siku zangu haziko mbali na sijui mtanikuta na nini."

"Ile ilikuwa sadaka. Sadaka hairudishwi."

"Sadaka ilitolewa ili mtoto asirudishwe langoni. Kama watu wanarudishwa, kazi yake imekwisha. Imekuwa dhahabu tena. Tuleteeni dhahabu yetu."

Alijishusha akakaa chini, kwenye lami, katikati ya lango, akanyoosha miguu yake miwili mbele.

"Sina haraka," alisema. "Na nikishakaa, mwanangu, magoti haya hayainuki upesi. Utalazimika kunisaidia au kunikanyaga."

Basi la kwenda mjini lilikuwa limesimama nyuma ya msafara, halina pa kupita. Abiria walitoa vichwa madirishani: wanawake wa kila dini, wenye vipini na wasio na vipini, wakimtazama bibi kizee mwenye sari nyeupe aliyekaa mvuani na mwalimu mstaafu aliyesimama juu yake na mwavuli ambao haukumfunika. Dereva hakupiga honi.

Mzee Oommen alitoa ufunguo mfukoni. Alifungua kufuli, akalitundika kwenye chuma, akaondoka kwa njia ya shamba lake bila kumtazama mtu.

Mchungaji Ninan hakuingia langoni, wala hakuondoka. Alisimama barabarani. Maneno ya kaburini yalisomwa na Biju, vibaya, akiruka mistari. Kabla ya kufunga jeneza ni desturi jamaa kumfunika marehemu uso kwa mara ya mwisho, na kazi hiyo ilikuwa ya mke wa mwana. Suja alivuta kitambaa cheupe juu ya paji, macho, mdomo. Hakukigusa kilichofunika masikio. Wachimbaji walitoa maji kwa ndoo, wakamshusha kando ya mumewe, pete ya kulia ikiwa mahali ilipobanwa.

*

Jumapili, mkate na kikombe vilianzia upande wa wanaume, kama kawaida. Mzee Oommen alivipeleka mwenyewe. Suja alikuwa amekaa kwenye mkeka wa wanawake, safu ya tatu, na kutoka hapo alimwona mumewe vizuri. Asubuhi ile Biju alikuwa amegema miti mia mbili na kupeleka utomvu kama siku zote. Hakuna aliyemwambia asirudi. Kikombe kilipomfikia alikishika kwa vidole vyenye madoa meusi ya utomvu. Alitazama upande wa wanawake. Akanywa.

Aleyamma alikipokea kikombe kwa ajili ya wanawake. Safu ya kwanza wakanywa, ya pili wakanywa. Kwenye safu ya tatu Aleyamma aliinama, akakipitisha mbele ya magoti ya Suja bila kusimama, akakitia mikononi mwa Bibi Thankamma aliyekaa kando yake.

Bibi Thankamma alikishika kwa mikono miwili mpaka ubeti wa wimbo ukaisha. Kisha akampa aliyefuata, hakunywa.